Albamu za Wazee ni Daftari la Historia Yetu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu, watumishi wa Serikali na wazee huko Nanyala, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe.



Nimeombwa nizungumzie historia ya mkoa wetu, na naona wengi wenu mlitazamia nije na kitabu. Sikuja na kitabu. Nimekuja na albamu hii mnayoiona hapa mezani. Jalada lake limechakaa, kurasa zake nyeusi zimeanza kukatika, na mahali pengine picha zimeng'oka zikabaki alama za gundi tu. Albamu hii si yangu. Nimeazimwa na mama mmoja mzee wa hapa jirani, kwa sharti kwamba irudi mikononi mwake leo kabla jua halijazama. Sharti hilo nitalirudia mwishoni, kwa maana lina mafunzo yake.

Desturi yetu sote twaijua. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa kiti, na wakati mwenye nyumba anashughulikia chai, mgeni huwekewa albamu magotini. Hufunua kurasa moja moja, na akikuta sura asiyoitambua huuliza, "Huyu naye ni nani?" Jibu humjia kutoka jikoni: huyu ni marehemu baba mdogo, hapo alikuwa ametoka kazini; huyu ni shangazi, siku ile alipoolewa; hapo ndipo tulipokuwa tukikaa kabla ya kuhamia kijijini. Chai ikifika, albamu hufungwa na mazungumzo mengine huanza. Sehemu kubwa ya historia ya watu wetu imesimuliwa namna hiyo, kutoka jikoni kwenda sebuleni, wala haikuandikwa popote. Msimulizi akifariki, picha hubaki bila jina. Na picha isiyo na jina, siku ya kugawana vitu vya marehemu, hutupwa pamoja na magodoro mabovu.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Nasema kwamba albamu hizi ni kumbukumbu za mkoa, na kwamba zinapotea mbele ya macho yetu sisi tuliosoma.

Ndugu zangu, mkoa wetu ni mchanga kwa tarehe lakini ni mzee kwa mambo. Mkoa wa Songwe ulianzishwa tarehe 29 Januari 2016, baada ya Mkoa wa Mbeya kugawanywa. Umelichukua jina la mto, nao mto wa hapa kwetu ni ule uendao Ziwa Rukwa. Usichanganywe na Songwe nyingine, ya mpakani mwa Malawi, imwagayo maji yake Ziwa Nyasa. Mtu akitaka kuisoma historia ya eneo hili katika majalada ya zamani hataikuta chini ya jina la Songwe. Itampasa atafute chini ya Mbeya. Akirudi nyuma zaidi, katika zama za Waingereza, atafute chini ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Akirudi tena nyuma, katika zama za Wajerumani, atafute chini ya Wilaya ya Langenburg. Kila mtawala alichora mipaka yake na kuyahamisha majalada yake. Kilichobaki mahali pamoja ni nyumba za wananchi na vitu vilivyomo, na miongoni mwa vitu hivyo ni albamu.

Ni kweli kwamba kamera ya kwanza kuja huku haikuletwa na mwananchi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Kijerumani aitwaye Friedrich Fülleborn alipita nchi hizi za kaskazini ya Ziwa Nyasa akipiga picha. Kazi yake kubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma ilichapwa Berlin mwaka 1906, ikiwa na kitabu kizima cha picha. Ndani yake mna nyumba, silaha, mapambo na mashamba, na mtafiti wa leo hawezi kuzipuuza. Lakini huyu Fülleborn alikuwa pia na kazi ya kupima miili ya watu. Kwa ajili hiyo wazee wetu walisimamishwa wakapigwa picha kutoka mbele na kutoka ubavuni, kama mtu apimavyo ng'ombe mnadani. Mtu wa namna hiyo hupewa jina la kabila lake. Jina lake mwenyewe halitajwi. Mpigaji anajulikana mpaka leo, na mpigwaji hajulikani.

Kisha walikuwapo wamisionari wa Moravian. Hao walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakafungua kituo cha Mbozi, ambako Traugott Bachmann aliishi na Wanyiha mpaka vita vilipomwondoa mwaka 1916. Picha za misheni hizo zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, kwenye makao ya kanisa hilo. Nazo zina kasoro zake, kwa sababu zilipigwa ili ziwaonyeshe wafadhili wa Ulaya kwamba kazi inaendelea. Mtu aliyevaa shuka jeupe huwekwa mbele, na asiyekuwa nalo hukaa nyuma au nje ya picha. Hata hivyo, tusimhukumu kila mmisionari kwa kipimo kimoja. Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa Utengule miongoni mwa Wasafwa, aliketi na watu akaandika habari za maisha yao kama walivyozieleza wenyewe. Kwa sababu hiyo leo tunamjua bibi mmoja aitwaye Narwimba, na taabu alizozipata yeye na wanawe katika siku za biashara ya utumwa. Wapo maelfu ya wanawake waliopata taabu kama zake, na hatuwajui kwa sababu tu hakuna aliyewauliza na kuandika.

Tazameni basi tofauti. Sura bila jina hutupa mshangao. Sura yenye jina na maelezo hutupa historia. Kalamu ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, na kalamu sisi tunazo.

Nawaombeni pia mfikirie jambo moja la kusikitisha. Huko Marekani, karibu na mji wa Chicago, kipo Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka 2002 chuo hicho kilinunua mkusanyo wa Humphrey Winterton wa picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Mkusanyo huo una zaidi ya picha 7,000, na nyingi kati ya hizo zimo katika albamu: albamu za maofisa, wasafiri, walowezi na wake zao. Zimeorodheshwa moja moja na kutunzwa vizuri. Huko Frankfurt, Ujerumani, ipo hazina nyingine ya makumi ya maelfu ya picha zilizokusanywa na chama cha makoloni cha Wajerumani. Maana yake ni kwamba picha aliyoipiga mke wa Bwana Shauri akiwa mapumzikoni imepewa namba na kuhifadhiwa kwa gharama, bali picha ya babu yako akichimba msingi wa shule hii inaliwa na mchwa chini ya kitanda. Wale waliozitunza za kwao hawana kosa. Sisi ndio tulioziacha za kwetu.

Sasa tufungue albamu. Nitawaonyesha picha nne tu.

Picha ya kwanza ilipigwa studio, na nyuma yake una mhuri uliofifia wa mpiga picha wa mjini Mbeya. Wamesimama vijana watatu mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba la fahari. Kazi hiyo ya studio ina historia ndefu katika nchi yetu. A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar katika karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha huko Capital Art Studio, ambayo ilipata sifa kubwa. Kutoka pwani ufundi huo ulipanda bara, mji kwa mji, hata ukatufikia sisi. Mama mwenye albamu alinieleza kwamba vijana hawa watatu walikuwa na koti moja tu. Lilikuwa la studio. Kila mmoja alilivaa kwa zamu apigwe picha yake, na katika picha hii ya pamoja limemwangukia huyu wa katikati. Kalamu iliyo katika mfuko wake ilikuwa ya kuazima, na kwa wakati huo yeye hakujua kusoma.

Yupo atakayesema kwamba picha ya namna hii inadanganya. Mimi sikubali. Koti linatueleza kwamba kijana hakuwa nalo, na kalamu inatueleza kile alichokitamani. Katika ukoloni mtu wa huku alipigwa picha kama Mnyiha au Mnyamwanga, Mndali au Msafwa, kama kielelezo cha kabila. Siku alipokwenda studio kwa miguu yake na kulipa kwa fedha yake, alijichagulia mwenyewe namna ya kuonekana. Hiyo nayo ni hatua katika historia ya uhuru, ingawa haimo katika vitabu.

Picha ya pili inaonyesha mwanamume amevaa viatu vya mpira virefu, amesimama juu ya tuta la udongo pamoja na fundi wa Kichina. Huyo ndiye aliyekuwa mume wa mama huyu. Nilipomwuliza mwaka, alijibu, "Mwaka ule reli ilipokuwa ikipita." Basi mwalimu wa historia aanzie hapo. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia huko, ikajikuta imebanwa koo. Ndipo ilipojengwa bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likamalizika mwaka 1968. Ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo ilikuwa ya vumbi na matope na yenye ajali za kutisha, ilipotiwa lami. Na ndipo Tanzania, Zambia na China zilipotia saini mwezi Septemba 1967 mapatano ya kujenga reli ya TAZARA. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, reli ikavuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia mwezi Agosti 1973, na ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976 ilikuwa na urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Ndugu walimu, hizo tarehe mnazo katika vitabu, na watoto huzikariri kisha wakazisahau. Lakini mwonyesheni mtoto wa Nanyala au Vwawa au Tunduma picha hii, mkimwambia kwamba huyu ni babu wa jirani yako, na kwamba tuta hili yeye na wenzake walilijenga kwa mikono. Mwambieni pia kwamba katika kazi ile walikufa mafundi wa Kichina zaidi ya 60, na Watanzania na Wazambia vilevile walipoteza maisha. Mwambieni kwamba hapakuwa na haja ya kujenga yote hayo kwa haraka namna ile isipokuwa kwa sababu wananchi wa nchi hizi mbili walikataa kumpigia magoti mlowezi. Mtoto huyo hatasahau.

Picha ya tatu ni ya watu wazima wameketi chini ya mti, wengi wao wanawake, baadhi wana watoto wachanga mgongoni. Mwenye albamu ni yule wa mstari wa pili, ameinua daftari lake lielekee kamera. Lilikuwa darasa la elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata kampeni hiyo iliwafikia mamilioni ya wananchi. Kwa kuitazama vizuri picha hii tunajifunza zaidi. Nyumba za nyuma zimejipanga katika mstari mnyofu, na paa zake zote ni za nyasi mbichi zisizobadilika rangi. Nyumba za ukoo hazikujengwa hivyo. Hiki ni kijiji kipya, cha wakati wa kuhamia vijijini uliofikia kilele kati ya mwaka 1973 na 1976. Nilipomwuliza mama juu ya hilo alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia mambo mawili, na yote mawili alitaka niyaseme. La kwanza, kijijini alipata kusoma, jambo ambalo kule walikotoka hakulitarajia. La pili, kule walikotoka waliacha migomba na makaburi, na mama yake mzazi hakupata kuyasahau mpaka alipokufa. Picha moja imetupa faida na hasara kwa pamoja. Mwalimu mwaminifu atazifundisha zote mbili.

Picha ya nne ni ya jamaa ya watu kumi na mmoja, imepigwa mahali ambapo leo ni mji mkubwa wa Tunduma. Kati yao, sita walikuwa wakiishi upande huu na watano upande wa Nakonde. Wote ni Wanyamwanga na wote ni wa babu mmoja. Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mpaka mwaka 1890, na mwaka 1898 wakapimisha mstari wake kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Watu waliokuwa ndugu wakawa raia wa makoloni mawili. Leo kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza usumbufu wa kuvuka. Lakini ushahidi kwamba watu hawa hawakuacha kuoana, kuzikana na kukaa pamoja kwa furaha miaka yote hiyo hauko katika vitabu vya forodha. Umo katika albamu.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema kwamba picha huonyesha mambo. Ni wajibu wangu niseme pia kwamba picha huficha mambo. Kimondo cha Mbozi kile pale Marengi, kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kimeandikwa kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Wenyeji walikifahamu kabla yake, ila hawakuwa na gazeti. Sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya ardhi, na udongo ukaja kuchimbwa pande zote ili kionekane. Kwa hiyo mtu akikuta picha ya kimondo, atazame kwanza kama jiwe bado limezama au limekwisha kuachwa wazi juu ya nguzo yake. Hapo atajua ipi ni ya zamani zaidi. Lakini ajiulize pia: waliochimba udongo huo ni akina nani, na kwa nini anayeonekana katika picha ni mtu amesimama kando na kofia yake?

Hali kadhalika vita vya 1914 hadi 1918. Siku za mwisho za vita hivyo majeshi ya Lettow-Vorbeck yalipita nchi hii, yakashambulia kituo cha Fife kule ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma mwanzoni mwa Novemba 1918, na yakasalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Picha za askari wa vita hivyo tunazo, zimepigwa vizuri na Walther Dobbertin na wengineo. Bali wapagazi, ambao kwa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu, huonekana kama mstari mrefu wenye mizigo kichwani, sura hazitambulikani. Tukikosa kuuliza, tutafundisha kwamba vita vilipiganwa na wale walioonekana tu.

Basi msomaji wa picha awe na maswali yake. Nani amewekwa katikati, na nani pembeni? Nani alishika kamera, na alilipwa na nani? Nani hayumo ambaye ilipasa awemo? Ni kitu gani katika picha kinachotutajia mwaka: jina la kanga, paa la nyumba, namba ya gari, mhuri wa studio? Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyajibu maswali hayo, na akiyajibu amekwisha kuwa mwanahistoria.

Sasa, ndugu zangu, inanipasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hadharani. Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja, tulipata habari kwamba wageni wa ngazi ya juu watatutembelea. Tukasafisha shule nzima. Katika stoo lilikuwamo sanduku la bati, na ndani yake picha za wanafunzi waliomaliza shule miaka ya nyuma, na nyingine za wananchi wakifyatua matofali ya madarasa ya kwanza. Baadhi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Mwalimu mmoja kijana aliniuliza tuzifanye nini. Mimi, mwenye cheti cha kufundisha historia, nilijibu, "Takataka hizo zichomeni." Zikachomwa pamoja na madaftari ya zamani. Wageni walikuja, wakatia saini kitabu, wakaenda zao.

Haikupita miaka mitatu akaja shuleni mzee mmoja kwa baiskeli, kutoka mbali. Hakutaka fedha wala barua. Alisema ndugu yake mdogo alisoma hapo akamaliza darasa la saba, kisha akaenda kutafuta kazi migodini, akafia huko. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Amesikia kwamba siku ya kumaliza shule walipigwa picha ya pamoja, na picha hiyo ilibaki ofisini. Aliomba kuiona tu, aione sura ya nduguye. Nilimdanganya. Nilimwambia picha hizo ziliharibiwa na mvua. Alinishukuru, akaondoka na baiskeli yake.

Nimelieleza hili ili mjue kwamba sizungumzi kama mtu msafi. Ndugu watumishi, kumbukumbu za ofisi ya umma si mali ya mkuu wa ofisi. Ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na ipo Idara ya Serikali iliyokabidhiwa kazi hiyo, na mtumishi haruhusiwi kuziteketeza kwa kujiamulia tu. Picha zilizo katika kabati za kata, za shule, za zahanati na za vyama vya ushirika ni kumbukumbu kama barua zilivyo kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa upande wa albamu za majumbani, napendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, tusizing'oe picha kutoka katika kurasa zake. Mpangilio alioufanya mwenye albamu nao ni maelezo. Ukurasa mmoja wenye picha ya harusi kando ya picha ya msiba hakuupanga mpumbavu.

Pili, majina yaandikwe. Picha iliyo huru iandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza; kalamu ya wino hupenya na kuharibu. Picha iliyogandishwa isibanduliwe, bali ichorwe vivuli vya watu wake katika daftari, kila kivuli kipewe namba, na majina yafuate namba hizo.

Tatu, albamu iwekwe mahali pakavu, katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jua na moshi wa jikoni. Picha iliyochanika isiunganishwe kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka rangi na kula karatasi.

Nne, simu tunazo. Picha zinakiliwe kwa simu mchana, kivulini, bila mwanga wa ghafla wa kamera, upande wa mbele na wa nyuma. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Na tusijidanganye kwamba nakala ni sawa na picha yenyewe: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tano, kila shule ifungue daftari moja la picha za kata yake. Liandikwe namba ya picha, mwenye picha, waliomo, mahali, mwaka au tukio la kukadiria mwaka, na jina la aliyeeleza. Wanafunzi ndio watakaokwenda kwa bibi na babu zao kuuliza. Mwalimu atalisahihisha daftari hilo kama asahihishavyo mazoezi mengine.

Najua mtasema kazi ni nyingi na madarasa yamejaa. Ni kweli. Lakini kazi ya nyumbani mnawapa watoto kila siku. Safari hii wapeni kazi ambayo majibu yake hayako nyuma ya kitabu. Wengine watasema hizi ni picha za watu wadogo, hazina ukubwa wa kuitwa historia. Hao nawauliza: waliojenga reli, waliosoma chini ya miti, waliochoma chokaa katika bonde hili na kupalilia kahawa ya Mbozi, walikuwa wakubwa wangapi?

La mwisho na lililo zito ni lile sharti la mama huyu. Alikubali kuniazima albamu, lakini hakunipa. Aliitoa kwa mikono miwili, akanihesabia picha zilizomo, akanitajia ambazo nisizionyeshe mbele za watu. Nimezifunika kwa karatasi, wala sitaeleza ni za nini. Huo ndio utaratibu tunaopaswa kuufuata. Wakoloni walichukua sura zetu bila kuuliza majina. Sisi tusije tukachukua albamu za wajane kwa jina la utafiti na tusizirudishe. Picha ni ya mwenyewe. Akikataa, amekataa. Akikubali, irudi siku iliyoahidiwa, na nakala yake apewe.

Ndugu zangu, wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1961 wamebaki wachache katika kila kitongoji, na kila msimu wa mvua tunawazika baadhi yao. Hatuna nafasi ya kusubiri mradi wala mfadhili. Wiki hii kila mmoja wetu aende kwa mzee mmoja, aketi, afunue albamu na kuuliza, "Huyu ni nani?" Kisha aandike jibu.

Naona jua limeanza kushuka upande wa Tunduma. Mniwie radhi nisibaki kwa maswali marefu. Inanipasa niirudishe albamu hii kwa mwenyewe.